Gauni Lisilo na Mshono

Hili lilinitokea mimi mwenyewe, hapa Makorora, Tanga, mchana kweupe, na mwenye kutaka kucheka acheke sasa amalize, nikianza nisikatizwe. Sikusimuliwa na shangazi wa mtu. Mie nimebatizwa kule juu Amani, babu yangu alikuwa mzee wa kanisa, na kwa umri huu sina haja ya kuongopa.

Kazi yangu ni cherehani. Nashona barazani kwangu miaka zaidi ya ishirini sasa, na ukiona kwaya imesimama mjini hapa na magauni yamewakaa sawasawa, uliza kashona nani. Hata kanzu za Idi za mtaa huu hupita mikononi mwangu. Mchungaji wetu hunikanya, "Mama, usijisifu." Sijisifu! Nasema mshono wangu haufumuki, na huo ni ukweli mtupu.

Jambo jingine nililojulikana nalo ni kusikia. Akina mama wa jumuiya walikuwa wakija: "Fundi, tuombee, utuambie Bwana amesema nini." Nami nilikuwa nawaambia. Sauti ile naijua tangu usichana. Haiji na ngurumo. Hunijia nimeinama kwenye kazi, na mara nyingi huja na jambo la kuudhi, kama vile rudisha sufuria ya watu. Siku moja nilimharibia kijana suruali ya harusi, nikamwambia vipimo alivyonipa ndivyo vibaya. Sauti ikanikalia kooni siku mbili, mpaka nikapanda gari kwenda Kigombe kumtafuta nimwambie kosa lilikuwa langu. Aibu niliyoipata pale, mbele ya wakwe zake! Lakini usiku ule nililala.

Sasa sikiliza. Naishi na mjukuu wangu, Upendo. Wakati huo alikuwa na miaka saba. Mama yake, binti yangu, anafanya kazi Muheza, huja mara moja kwa mwezi. Upendo ana kifafa. Siku zile tulipokuwa tukihangaika bila dawa alianguka jikoni, mkono ukaingia kwenye jiko la mkaa, na alama anayo mpaka leo. Ndipo tukaanza vidonge vya hospitali, asubuhi na jioni, na kwa vidonge vile alikuwa amemaliza mwaka mzima hajaanguka. Lakini bibi ni bibi. Kila nikimwona anameza, moyo unaniuma. Na watu nao hawakosi la kusema, huyu anasema jini, yule anasema imani yenu ndogo. Hilo la imani ndogo ndilo lililonichoma. Imani ndogo, mie ninayesikia?

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nabana upindo wa gauni la bibi harusi, pini nimezishika kwa midomo, nikaomba kimoyomoyo: Bwana, lini mtoto huyu ataacha vidonge? Sikutoa sauti. Mwenye pini mdomoni hatoi sauti, niamini.

Ilipofika saa saba, jua la utosi, mtaa mzima watu wamejifungia ndani, akaja mwanamke. Hatua zake sikuzisikia. Niliinua kichwa nikamkuta amekaa kwenye benchi la wateja. Umri kama wangu, gauni jeupe, uso nimeuzoea lakini jina halinijii. Najua unachotaka kuniuliza. Ndiyo, miguu niliitazama! Mtu wa Tanga gani asiyetazama miguu? Hakuna cha kwato za jini. Ilikuwa miguu ya mtu, na kandambili za bluu. Nikashusha pumzi.

Akanisalimia kwa Kishambaa, cha kwetu kabisa cha mlimani, kisha akasema, "Mtumishi wa Mungu, umeuliza lini mtoto ataacha vidonge. Nimetumwa nikujibu. Ni leo."

Mwili wote ulinisisimka. Macho yangu, kwa mazoea tu, yakashuka kwenye gauni lake, maana fundi akimwona mtu huona kwanza mshono. Nikatafuta wa begani, haupo. Wa ubavuni, haupo. Upindo wa chini haukushonwa wala kukunjwa, na mkono ulitoka begani kama tawi linavyotoka mtini, hakuna palipounganishwa. Sasa mtu aliyekulia kanisani anajua ni nani aliyevaa vazi lisilo na mshono, mpaka askari wakalipigia kura pale msalabani. Nikajisemea, huyu katoka kwake. Wewe ungefikiri nini? Mwingine angeona mwanamke kavaa jeupe, basi. Mie nilinaswa kwa ufundi wangu mwenyewe.

Akaendelea, "Vitupe vyote chooni. Hataanguka tena. Na mji huu utajua hakuna anayesikia kama wewe. Watakuja kutoka Pangani, watakuja kutoka Lushoto, watapanga foleni hapa barazani pako." Akacheka, nami nikacheka. Jamani, maneno yale yalikuwa matamu! Sifichi, yaliniingia mpaka kwenye mifupa. Niliiona ile foleni. Niliwaona na wale wa imani ndogo wamesimama juani wananingoja mie.

Nikaingia ndani, nikachukua kopo la vidonge, nikapita uani. Upendo alikuwa amelala kwenye mkeka. Nikamruka, nikafungua mlango wa choo, nikafungua kifuniko cha kopo. Hapo hapo, polepole kama siku zote, ikaja ile sauti yangu: Leo asubuhi hujampa.

Basi, hakuna jingine. Na ilikuwa kweli! Gauni la bibi harusi lilikuwa limenishika akili tangu alfajiri, dozi nikaisahau. Nilisimama pale mlangoni nimeona haya kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni, na katika haya ile nikaijua. Tangu usichana wangu sauti ile haijanisifia hata siku moja. Hunituma, hunikanya, hunirudisha kwa watu niliowakosea. Na huyu wa barazani kila alichosema kiliishia kwangu, ukubwa wangu na foleni yangu. Mtoto alikuwa kisingizio tu.

Nikamwamsha Upendo, nikampa kidonge na maji, akameza macho bado yamefumba. Nikatoka barazani, nikasema kwa nguvu, "Hapana! Rudi ulikotoka. Mjukuu wangu ameshameza dawa, na aliyenikumbusha ni Mungu wangu."

Hakukasirika. Alisimama, akaniinamia kwenye sikio la kushoto, akanena kwa sauti yangu mwenyewe, hii hii unayoisikia: "Basi usisikie." Pumzi yake ilikuwa baridi kama friji imefunguliwa. Nikageuka, na benchi lilikuwa tupu.

Mama Zuhura, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akachungulia dirishani kwake. "Fundi we! Dada yako mbona kaondoka, hata maji hujampa?"

"Dada yupi?"

"Huyo aliyekaa hapo! Mmefanana utasema mapacha, wallahi, mpaka kucheka kwenu kumoja."

Mie sina dada. Mama yangu alizaa wanaume wanne na mimi. Niliingia ndani nikajitazama kwenye kioo cha wateja, nikaelewa kwa nini uso ule nilikuwa nimeuzoea. Nilikaa sakafuni nikalia sana.

Sikio hili la kushoto halijasikia tena tangu siku ile. Daktari kalimulika na taa yake, kalipima, anasema ni zima kabisa. Ukitaka kuzungumza nami kaa upande wa kulia. Silionei haya hata kidogo! Wapo waliomkubalia yule, nao masikio yao yote mawili ni mazima. Akina mama wakija kuniuliza Bwana amesema nini, siku hizi nawauliza kwanza, je, amekutuma kwa nani leo? Wengi huondoka wamenuna. Wanune tu.

Na Upendo? Ana miaka kumi na miwili, darasani ni wa pili, na upindo anaubana vizuri kuliko wasichana wakubwa niliowafundisha. Hajaanguka tena. Hospitali wameanza kumpunguzia dawa kidogo kidogo, wao wenyewe, kwa vipimo vyao. Nikimwona anavuka barabara na sare niliyomshonea, kifua kinanijaa. Hapo najisifu kweli, Mchungaji anisamehe.

Nawe unayenisikiliza, ipo siku sauti itakujia ikuite mtumishi, ikuonyeshe foleni ya watu mlangoni pako. Usibishane nayo, wala usijisumbue kutazama miguu. Iambie ingoje kidogo, wewe ukampe kwanza mtoto dawa. Kama ni ya Mungu, itangoja.