Bustani Mbele ya Baraza

Harufu ya chokaa mbichi hunirudisha kijijini kwetu, nje ya Songea, msimu ule baada ya vita vya Maji Maji. Mlowezi mmoja wa Kijerumani alikuwa akiikarabati nyumba yake iliyochomwa vitani, apate kuiuza. Kuta za mawe zilipigwa lipu, vigae vyekundu vikapandishwa, na wanakijiji tukakusanywa kufanya kazi. Mimi, mkubwa wa yatima watatu, nilikuwa nimeacha shule ya misheni ili wadogo zangu wale.

Kwetu, nyumba iliyoungua na mtu akafia ndani, kama ile, haijengwi tena. Huachwa majani yaote. Kwa kuamini hivyo, baba aliporudi na jeraha la risasi akafa, mama na mimi tulimzika kwenye uwanja wa mbele wa nyumba ile iliyoungua, ambako askari wasingetafuta kaburi la mpiganaji. Hatukuweka alama. Kisha njaa ikamchukua mama, siri ikabaki kwangu. Hatukujua kwamba Wazungu hurudi.

Siku moja msimamizi, mtu wa pwani mwenye maneno mengi, alitangaza kwamba mnunuzi yu njiani, na bwana anataka bustani ya maua mbele ya baraza. Akachomeka kijiti mahali pa kulima. Kilisimama juu ya baba. Mfupa mmoja ukionekana, angetupwa porini, na sisi tungeulizwa ni wa nani. Nikashika jembe kabla mwingine hajalishika.

“Mbona unakwaruza kama kuku, binti? Unaogopa kuliumiza jembe?” msimamizi akaniuliza.

“Maua hayana mizizi mirefu, mzee. Nikipindua udongo wa chini yatakauka.”

“Haya, bibi bustani wa Kaizari.”

Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka, nikaendelea kukwaruza.

Nyumba ikauzwa. Wajerumani wameondoka, amekuja mwenye nyumba mwingine, na ua wa miti umezunguka uwanja wote. Wadogo zangu sasa wana watoto. Siku hizi watu hapa huwafagilia wazee wao makaburi, huwawekea msalaba wenye jina, hukaa chini wakalia mpaka wakatosheka. Sisi mzee wetu tunamtazama kutoka barabarani tu. Nawaonyesha watoto kwa kidole, “Babu yenu yuko pale,” nao huuliza kwa nini hatuingii. Tunasimama kidogo, hadi mtumishi wa nyumba anapotoka kutuuliza kama tunatafuta kazi.