Siku Nilipopima Pumzi za Wakwe

Naandika kwa sababu kuongea ndiyo shida yangu, na kama ningekuwa na mdomo wa kawaida kama wasichana wengine wa Form Three, yale ya Jumamosi hayangetokea, ama yangetokea kidogo tu, si vile mpaka sasa nikisikia mtu anapumua kwa nguvu natamani kuingia chini ya kitanda. Nilimwambia mzee wa watu, mbele ya baba yangu, kwamba pumzi yake ni mbaya. Na mzee mwenyewe alikuwa amekuja kumposea mpwa wake dada yangu.

Lakini wacha nianze na hewa.

Kwetu ni juu kidogo ya mji wa Nkubu, mlimani, na mwezi wa saba huku ukungu hauendi mahali, unashuka asubuhi kwenye migomba unakaa tu kama mgeni ambaye hajasema shida yake, nguo zinashinda kwenye kamba na jioni unazitoa zikiwa na maji mengi kuliko vile ulizianika. Ndani ni hivyo hivyo. Chumvi inalia kwenye kopo, viatu vya kanisa vinaota manyoya ya kijani, na ukutani nyuma ya kochi kubwa kuna doa jeusi la kuvu ambalo mimi huliona kama ramani ya nchi ambayo hakuna mtu amewahi kufika (Mama huliona kama aibu, ndiyo maana kochi liko hapo).

Sasa mwalimu wa klabu ya sayansi alikuwa ametupa kipimo cha hewa tupeleke nyumbani kwa zamu. Ni kidude cheupe, saizi ya kipande cha sabuni, kina kioo kidogo cha namba na taa: kijani hewa ni nzuri, manjano inachoka, nyekundu imechoka kabisa, fungua madirisha. Kinapima unyevu na ile hewa tunayotoa puani. Nilikipenda. Nilikuwa nakaa nacho sebuleni peke yangu nikiangalia namba zikipanda polepole, nawaza hizo ni pumzi zangu, kwamba hata nikitoka zinabaki zikizunguka katikati ya viti kama mimi wa pili, yule asiye na haya.

Jumamosi Mama akaniambia nipange sebule, wageni wa Kianjai wanakuja kwa mambo ya dada yangu Kendi na mchumba wake Murithi. Hapo ndipo ningekitoa kile kidude. Lakini nikawaza (kuwaza kwangu ndiko kunaniponza): sijawahi kuona hewa ya nyumba yetu ikiwa na watu wengi, pumzi za familia mbili zikichanganyika juu kabla wenyewe hawajapatana huku chini. Nikakificha kwenye kabati, nyuma ya kitambaa cha kufuma kinachofunika redio. Madirisha nikayaacha yamefungwa, na Mama pia alitaka hivyo, alisema watu wa Kianjai wamezoea jua, tutawaua na baridi. Kitu kimoja tu sikujua, kwa sababu nikiwa peke yangu sikuwahi kukifikisha kwenye nyekundu. Kikifika huko kinalia.

Walikuja wengi, sebule ikajaa mpaka kwenye mikono ya viti. Desturi yetu ni kwamba kabla ya neno lolote wazee wa mvulana wanaweka mbele ya baba ya msichana kitita cha miraa kilichofungwa vizuri kwa majani ya ndizi. Kikipokelewa, maneno yanaanza. Kikirudi na mwenyewe, hakuna harusi. Kendi alikuwa kwenye korido nyuma ya pazia, akingoja kuitwa, na mimi nilikuwa nimesimama na birika.

Mjomba wa Murithi, Mzee Mutwiri, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu, akaweka kitita mezani. "Tulipita hapa," akasema, "tukaona ua."

Tii. Tii. Tii.

"Zimeni simu," akasema Baba. Kila mtu akazima. Tii. Tii.

Mzee Mutwiri akainuka akafuata ile sauti mpaka kwenye kabati, akainua kitambaa kwa vidole viwili. Taa nyekundu ikamwangaza usoni.

"Baba Kendi," akasema polepole, "mnaturekodi?"

"Mimi hata sijui hicho ni nini."

"Kiko kwa kabati yako."

"Kabati ni ya Mama Kendi."

Mzee akarudi, akakichukua kile kitita, akaketi nacho mapajani. "Sisi tumekuja na maneno ya mdomo. Mtu akificha mashine leo, kesho maneno yangu nitayasikia kwa chifu."

Pazia la korido likatikisika. Nikajua ni Kendi, na nikajua kosa ni langu.

"Ni yangu," nikasema. Vichwa vyote vikanigeukia, na maneno yale yote niliyokuwa nimepanga yakatoka kama ng'ombe waliofunguliwa mlango. "Hairekodi. Inapima tu. Inasema pumzi zenu ni mbaya."

Shangazi ya Murithi akasema, "Kumbe tumetolewa Kianjai tuje kunuswa."

Nilitaka kusema pumzi zetu, zetu sote, lakini birika lilikuwa limeinama na chai inaingia kwenye kiatu cha Baba (hakusogeza mguu hata kidogo), na mimi nikaweka birika chini, nikanyakua kidude nikatoka nje. Sikuwa na mpango. Nilisimama tu kwenye ukungu. Mzee Mutwiri akanifuata, kitita kwapani, nafikiri aliogopa nitafuta ushahidi.

Kelele ikanyamaza. Tukakaa hapo tukikitazama. Manjano. Halafu kijani.

"Kimefanya nini?"

"Hewa ya nje ni nzuri," nikanong'ona. "Ya ndani tumeipumua wote mpaka ikachoka. Hata mimi."

Akakichukua, akakipumulia. Tukangoja. Nyekundu, tii. Akakitazama kama mtu ambaye mtoto mchanga amemtambua. "Mwari," akaniambia, kama anayemwita binti yake, "kumbe kinanijua." Akaita ndani: "Hebu njooni mpumue."

Wakatoka wote, wakapumua kwa foleni, Baba na soksi yake ya chai. Kisha Mzee akaamuru madirisha yafunguliwe, na kuyafungua lazima kochi lisogezwe, na doa la kuvu likatokea mbele ya koo mbili. Mama akajifunika macho na leso.

"Usijali, Mama Kendi," akasema yule shangazi. "Langu nimelifunika na kalenda ya kanisa."

"Kalenda?" akasema Mama kutoka ndani ya leso. "Basi lako ni dogo."

Wakacheka, na katikati ya kicheko Mzee akarudisha kitita mezani, na Baba akakipokea kwa mikono miwili.

Jioni tulikuwa tunaosha vikombe, mimi na Kendi.

"Gakii," akaniita.

"Mm."

"Mzee alipokirudisha kitita mapajani, niliacha kupumua. Kabisa." Alikuwa anatabasamu, lakini alikuwa anakisuuza kikombe kile kile kwa mara ya tatu.

Nilitaka kusema pole, mdomo ukakataa. Nikakichukua kikombe nikakipangusa, nikiwaza kwamba katika hewa yote ile niliyojivunia kuipima, yake haikuwemo, na hakuna namba iliyoonyesha hivyo.

Kidude nimekirudisha shuleni. Nikikipata tena na nyumba iwe na watu, nitafungua dirisha kwanza, halafu niseme kwa sauti, hata kama inatetemeka, ni nini nimeweka kwa kabati.