Mfalme Mpya wa Uturi

Kwetu Kang'ata mahindi hupukuchuliwa kwa zamu, leo uwanja huu kesho ule, na kila mtu huomba zamu yake iangukie siku ambayo Shadya yupo. Mama huyu wa Kishambaa, mjane wa Mbwana, ana ufalme wake kichwani. Anauita Uturi. Milima ya huko huhama ikichoshwa na majirani, na kiti cha mfalme huota miiba kikikaliwa na mwizi. Nimepukuchua magunia kwa magunia bila kusikia vidole vikiuma, kwa sababu ya Uturi.

Mwaka huu Mbwana alifariki. Kabla hata ya arobaini, dada yake Mwantumu akatangaza kwamba shamba la bondeni atalichukua mwanawe Hiza, kwa kuwa katika ukoo wao mali ya mjomba hurithiwa na mpwa. Shamba hilohilo Faudhia, binti wa marehemu, amelilima na baba yake tangu utotoni! Kikao cha ukoo kikawekwa Ijumaa. Shadya hakugombana na mtu. Zamu ya Mwantumu ilipofika alikuja kama kawaida, akavuta kigoda, akachukua hindi.

"Mfalme wa Uturi amekufa," akaanza. "Ameacha binti na mpwa. Nani akalie kiti?"

"Mpwa," Mwantumu akamkata. "Hilo nalo la kuuliza?"

Tulidhani miiba itaota. Wapi! Shadya alimkalisha mpwa, kiti kikatulia tuli, akamvika na kilemba.

"Wazee wakamwambia, 'Mtukufu, nguruwe wenye vichwa viwili wameingia mashambani, na desturi yetu mfalme mpya hulinda mwenyewe.' Mpwa akajibu, 'Jamani, mimi nina mishemishe zangu mjini. Wasalimieni hao nguruwe.'"

Tulicheka hadi punje zikamwagika. Hiza mtupu! Tangu aende kuendesha bodaboda Korogwe, jembe halijui, na hata kwenye maziko ya mjomba wake alifika watu wameshanawa mikono.

Mwantumu hakucheka. "Unamtukana mwanangu uwanjani kwangu?"

"Simtukani, wifi. Nakuonyesha nitakayosema Ijumaa, usije ukasema nilikuvizia. Shamba la bondeni ni la Faudhia. Nitasimama mbele ya ukoo wenu mzima. Wakinifukuza, nakwenda baraza la kata. Na huko wakinifukuza, nakwenda mahakamani."

Mwantumu aliliweka gunzi chini.

"Na mimi je? Tumekulia shamba lile, mimi na kaka yangu. Likishakuwa la binti yenu, kaka yangu nitamlilia wapi?"

Nilimhurumia, na sikuwa nimepanga kumhurumia. Nikajua sasa Shadya atalegea.

"Utamlilia palepale," Shadya akasema. "Wewe ni shangazi yake Faudhia, nani wa kukuzuia? Njoo siku yoyote, wifi. Ila uje na jembe."