Doa la Kisiginoni Ambalo Halikuwa Funza

Andika kwanza majina, mjukuu wangu Furaha, maana asiyejua kusoma naye ana haki ya kuanza na waliomzaa. Baba yangu aliitwa Kabwe, mzaliwa wa Kabalo, aliyehamia hapa Kalemie kuunganisha mabehewa ya gari-moshi. Mama yangu aliitwa Mwamini, mzaliwa wa Zongwe. Mimi Mwadi nilizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa reli, wala sikukaa darasani hata siku moja. Andika polepole, wala usinisahihishe.

Mwanangu unayesoma haya, iko asubuhi moja ambayo haijanitoka kichwani. Nilikuwa msichana, na mtaani kwetu nilijulikana kwa kutoa funza, yule mdudu anayeingia katika nyayo za watu wanaotembea peku. Huacha doa jeusi, dogo, lenye kuwasha sana. Nilikuwa nikifungua ngozi kwa pini, taratibu, hadi kifuko chake kitoke kizima, kisha nikipaka mafuta ya taa. Wamama walinitumia watoto wao, nami nikajivuna. Niliamini kwamba hakuna doa jeusi la mguuni nisilolijua.

Asubuhi hiyo kaka yangu mkubwa, Ilunga, niliyemwita Yaya, aliweka kisigino chake juu ya mapaja yangu. Alikuwa mbeba mizigo bandarini, na hakuvaa viatu kwa sababu viatu huteleza juu ya mbao za kupandia melini. Doa lilikuwa na upana wa punje ya hindi. Upande mmoja lilikuwa jeusi, upande mwingine rangi ya kahawa, na ukingo wake ulipindapinda.

“Linakuwasha?” nilimwuliza.

“Hata kidogo.”

Niliona kwamba hiyo si desturi ya funza. Niliona, mwanangu, na bado nikachukua pini.

“Weye Mwadi, unatafuta funza ao unachimba kisima?”

“Nyamaza, Yaya. Huyu njo mukubwa wao, ndiye mwenyewe, amejificha.”

Sikupata kifuko. Nilipata damu tu. Baada ya majuma machache doa lilirudi likiwa pana zaidi, nikachimba tena, na baadaye mara ya tatu. Safari hiyo ya tatu kidonda kilikataa kufunga, Yaya akaanza kuchechemea.

Wakati huo alikuja daktari wa ngozi kutoka Lubumbashi, mwanamke mwembamba wa maneno machache, kuwaangalia wagonjwa wa ukoma katika hospitali yetu. Sisi tulimwita Mama Daktari. Alitushangaza, kwa kuwa alitaka kila mtu, hata asiye na ukoma, aonyeshe nyayo. Watu walificha miguu chini ya mabenchi wakicheka kwa haya. Alipofika kwa Yaya, alikitazama kile kisigino kwa kioo kidogo, muda mrefu.

“Hapa palichimbwa. Nani alichimba? Na kabla ya kuchimbwa palikuwa namna gani?”

Wamama walewale waliokuwa wakinitumia watoto walikuwa wamekaa mstarini, wote wakinitazama mimi. Nikasema, “Alikanyaga musumari kule bandarini.”

Yaya alinitazama, akaitikia kwa kichwa, ili asinivue nguo mbele za watu. Daktari aliandika msumari, akasafisha kidonda, akatoa dawa. Njiani kurudi nyumbani Yaya alisema tu, “Mudogo wangu, ule musumari wako ni mukubwa sana.”

Nilikosa raha siku mbili. Aibu ilikuwapo, lakini swali lilinisumbua kuliko aibu: kwa nini alitaka kujua palivyokuwa kabla? Maishani mwangu hapakuwa na mtu mwenye elimu aliyewahi kuniuliza nimeona nini. Siku ya tatu nilikwenda hospitalini, nikamkuta akifunga mizigo yake.

“Mama Daktari, hakuna musumari. Ni mimi nilichimba, mara tatu.”

Aliweka mfuko chini. Hakupaza sauti. “Gari-moshi lingeondoka na mimi leo, na kaka yako pengine angebaki na kifo kisiginoni. Unaelewa ulichofanya? Basi, keti. Niambie ulichokiona.”

Akauliza rangi, ukingo, ukubwa, miezi mingapi, kama liliwasha. Alichora umbo la wayo juu ya karatasi, akanipa penseli, ya kwanza kuishika maishani, nami nikalichora doa lilivyokuwa. Alilitazama, kisha akanitazama.

“Weye uliyaona haya yote, halafu ukachimba?”

Nilimrudishia penseli.

Aliahirisha safari. Walikata sehemu ya kisigino, na kipande cha nyama kilichopelekwa kupimwa Lubumbashi kikaonyesha kansere ya ngozi iitwayo melanoma. Nilimwuliza kama pini yangu ndiyo iliyoileta. “Sidhani,” alisema, “ila ilitupotezea miezi.” Nikauliza imetoka wapi basi. Akajibu: “Sijui. Hilo njo ninalotafuta. Vitabu vinaniambia habari za watu weupe na jua kali. Lakini wayo wa muntu mweusi hauoni jua. Basi umeupata wapi ugonjwa huu?”

Alitafuta hadi akazeeka. Kila kiangazi alirudi na karatasi zake za nyayo, nami nilimfuata mitaani na vijijini kando ya ziwa, kwa sababu watu waliomficha yeye nyayo zao walinionyesha mimi. Tuliwafundisha watoa funza wenzangu: doa jeusi lisilowasha, lisilo na kifuko, linalozidi kupanuka, usiliguse, mpeleke mtu hospitalini. Ugonjwa ulipomrudia Yaya kinenani, baada ya miaka sita, Mama Daktari alikaa kitandani pake akamwambia ukweli wote bila kumtisha. Yaya aliondoka duniani akiwa amewaona mabinti zake wawili, ambao kabla ya kukatwa kisigino walikuwa hawajazaliwa.

Mwanangu, shauri langu ni hili. Jicho lako likikuambia kwamba jambo hili halifanani na yale uliyozoea, simamisha mkono. Ukiwa umekosea, mwambie daktari siku hiyohiyo, hata mtaa mzima ukisikia. Na wewe Furaha, unayeingia shule ya wauguzi, ukimwuliza mgonjwa, usimwulize mbele ya majirani zake.

Sasa hivi umeacha kuandika, umeniuliza mimi bibi yako, “Nkambo, pale pa musumari, tupafute? Watu watakucheka.” Wacheke. Ukitaka kufupisha, futa majina ya wazazi wangu, futa sifa zangu zote. Pale pa msumari patunze, na uwasomee wenzako shuleni kwa sauti. Mungu akupe macho ya kudadisi, na akupe wagonjwa wasiokuogopa.