Goreth na Njia ya Milima ya Mchanga

Goreth alikuwa akipiga pasi na kukunja pindo za mapazia katika duka moja la Fordsburg, na alikaa mtaa wa La Rochelle, chumba cha nyuma, uani kwetu. Alitoka Rumonge, mji wa Warundi kando ya Ziwa Tanganyika, pamoja na mumewe Alain. Binti yao Belyse alizaliwa hapahapa Johannesburg. Mtoto alielewa Kiswahili chote cha mama yake, lakini alijibu kwa Kiingereza, na akikasirika kwa Kizulu.

Alain alikuwa mlinzi wa mlangoni huko Turffontein. Mwaka 2017 karatasi zake za ukimbizi zilipitwa na muda, na kazini wakamwambia asirudi mpaka azipate mpya. Alipanga foleni tangu alfajiri, akarudi mikono mitupu, akaenda tena, mpaka miguu ikavimba. Baridi ya Juni ilipoanza alimwambia mkewe kwamba amepata wenzake wanaoshuka kwenye mashimo ya dhahabu yaliyoachwa na makampuni, wale wanaoitwa zama zama.

Goreth alikataa. Waligombana mpaka sisi wa vyumba vya mbele tukasikia. Asubuhi Alain alivaa koti lake la kazi, akambusu mtoto aliyekuwa bado amelala, akaenda. Kwa muda alipiga simu kila alipopanda juu. Sauti yake ilikuwa kavu, kama ya mtu aliyekula vumbi. Halafu simu zikakatika.

Goreth alimtafuta kwenye hospitali, kwenye vituo vya polisi, hata kwenye chumba cha maiti cha serikali, ambako walimfunulia nyuso za wanaume wasio na wenyewe, naye akitikisa kichwa kwa kila mmoja. Majirani wengine walisema Alain ameoa Durban. Mama mkwe alikuwa akipiga simu kutoka Rumonge kila Jumapili baada ya misa.

"Mwanangu yuko hai au amekufa?"

"Sijui, mama."

"Mke hajui mumewe alipo? Kama amekufa, tukae matanga, tumwombee kama Mkristo. Kama yuko hai, mwambie mama yake anamuuliza."

Goreth aliishi hivyo mwaka mzima. Nguo nyeusi hakuvaa, maana nani amekufa? Hereni nazo alizivua, maana nani wa kumtazama? Akialikwa harusini hakwenda, na msibani alikaa karibu na mlango, kama mtu aliyekosea nyumba.

Rafiki yake wa karibu alikuwa Thérèse, msusi kutoka Uvira, mwenye kibanda Rosettenville. Siku moja mteja aliyekuwa akisukwa alitaja kwamba kaka yake ni zama zama. Thérèse akamdodosa. Mteja akasema watu wa mashimo hawakai mahali pamoja. Shimo likizibwa au polisi wakija, wanahama, na wengi wao wamehamia upande wa magharibi, wakifuata ile njia ya miguu inayopita kando ya milima ya mchanga.

Anayekaa kusini mwa Johannesburg haulizi milima ile ni nini. Ni mchanga uliochimbwa chini ya ardhi, ukasagwa, ukatolewa dhahabu yake, ukamwagwa. Umelala kama boma refu, wa njano, kutoka mashariki mpaka magharibi, na una zaidi ya miaka mia. Wazee wa Soweto husema boma hilo ndilo lililokuwa mpaka: mji na Wazungu upande ule, weusi upande huu ambako upepo unaleta vumbi. Chini yake kuna njia nyembamba iliyofanywa na miguu tu. Wanaipita wanawake wanaookota kuni, watu wa makanisa wanaopanda kuomba, waokota vyuma, na zama zama. Teksi hazifiki huko.

"Basi nitaifuata hiyo njia mpaka mwisho," Goreth alisema. "Kila shimo nitauliza."

Thérèse aliacha kitana kichwani mwa mteja. "Weye Mama Belyse, unataka kufa? Kule batu banauana juu ya simu tu!"

"Hivi nilivyo ndio uzima?"

Thérèse alisuka nywele mpaka akamaliza. Ndipo akasema, "Bon. Tutaenda bawili. Lakini hatuendi na hizi nguo."

Aliazima kwenye kundi lake la maombi kanzu mbili nyeupe na mikanda ya kijani. Watu wa kanzu hizo huonekana milimani kila wiki wakisali, na hata mwizi huogopa kuwagusa. Belyse aliachwa kwangu. Ilikuwa Agosti 2018, mwezi wa upepo.

Waliianza njia nyuma ya karakana za Booysens. Kabla jua halijawa kali, mchanga ulikuwa umeshaingia machoni, masikioni na kinywani. Goreth aliniambia baadaye kwamba alichokumbuka zaidi ni ile ladha, kama kulamba sarafu. Waliambaa na kilima kimoja hadi kingine. Walipita chini ya barabara kuu ambako watu walikuwa wakilala ndani ya maboksi. Walivuka vijito vya maji ya rangi ya kutu, ambayo hata mbwa aliyekuwa akiwafuata hakuyanywa. Kushoto kwao moshi wa Soweto, kulia maghorofa ya mji, na wao katikati, mahali pasipo pa mtu.

Penye shimo walisimama. Thérèse aliimba kidogo ili wasije wakawashtua watu, kisha Goreth akaonyesha picha ya Alain kwenye simu. Wengi walitikisa kichwa. Kijana mmoja aliyefunga tochi kichwani aliitazama picha muda mrefu, akasema, "Eish, mama, chini kule sote tuna sura moja." Kwenye shimo lingine walifukuzwa kwa mawe, na jiwe moja likamchubua Thérèse kifundo cha mguu. Alitembea akichechemea, akilaani kwa Kifaransa, kisha akimwomba Mungu msamaha kwa Kifaransa hichohicho.

Jua lilipoanza kushuka walifika Riverlea. Mchungaji mmoja wa kanisa la bati, alipoona kanzu zao, hakuwauliza lolote. Aliwapa chai na mikeka. Mguu wa Thérèse ulikuwa umevimba.

"Kesho rudi nyumbani," Goreth akamwambia. "Mimi nitaendelea."

"Nikirudi peke yangu, nitamwambia nini mtoto wako?" Thérèse akajibu, akageukia ukutani.

Siku ya pili njia ilikuwa mbaya zaidi. Vilima vingine vilikuwa vimechimbwa upya, vimebaki nusu, na njia ilipotelea kwenye matope makavu yaliyopasuka. Walipotea, wakarudi nyuma, wakaulizia kwa mchunga mbuzi. Mchana ulikuwa umepita walipofika upande wa Roodepoort, penye vibanda vya mabati chini ya miti ya mikaratusi. Wanawake walikuwa wameketi chini wakisaga mawe kwa mawe. Mmoja, Mmsumbiji mwenye mtoto mgongoni, aliitazama picha, akaacha kusaga.

"Buja," alisema.

Goreth hakuelewa. Mwanamke akaonyesha kwa kidole kibanda cha mwisho, ambako mwanamume alikuwa akiosha mchanga kwenye ubao uliotandikwa zulia la kunasa dhahabu. Akasema kwa Kiingereza kibovu kwamba yule anaongea Kiswahili kama wao.

Mwanamume huyo aliitwa Burhani, Mtanzania wa Kigoma. Alipoonyeshwa picha na kutajiwa jina la Alain, aliendelea kumwaga maji juu ya ubao, mpaka kopo likaisha maji.

"Wewe ni nani wake?"

"Mkewe."

Alijifuta mikono kwenye suruali. "Kaa chini, shemeji."

"Mwaka mzima nimekaa. Sema hivi nilivyosimama."

Burhani akasema. Walikuwa kundi moja, wakirudi kuelekea juu na mizigo yao. Alain alikuwa nyuma kabisa kwa sababu alikuwa akimsaidia mzee mmoja wa Lesotho aliyeishiwa pumzi. Mwamba ukaanguka kati yao na wengine. Vumbi lilipotulia walisikia akigonga, nyundo kwenye jiwe. Nao wakagonga. Walichimba kwa mikono na sululu mpaka hewa ikawa nzito, wawili wakazimia, wakalazimika kupanda. Waliporudi na watu wengine, waligonga tena.

"Hakugonga," Burhani alisema. "Tulikaa pale, shemeji. Wallahi tulikaa. Hakugonga tena."

"Mbona hukunitafuta?"

"Ningekutafuta wapi? Sisi tulimwita Buja, kwa sababu ya Bujumbura. Jina la Alain nimelisikia leo kwako."

"Hata Bujumbura si kwao," Goreth alisema. "Yeye ni mtu wa Rumonge."

Aliomba aonyeshwe shimo. Halikuwa mbali. Serikali ilikuwa imekwisha kulifunika kwa zege, bamba pana la kijivu, na majani yameanza kuota pembeni. Goreth alipiga magoti, akaweka viganja vyote viwili juu yake. Lilikuwa na joto la jua. Hakulia kwa sauti. Alisema maneno ya Kirundi, polepole, kama mtu anayemweleza mwenzake mambo yaliyotokea nyumbani alipokuwa safarini: shule ya mtoto, paa linalovuja, ndoa ya mdogo wake. Burhani alivua kofia akasimama mbali kidogo, akinong'ona dua yake.

Kisha Goreth alitoa simu, akampigia mama mkwe.

"Mama, nimefika alipo Alain. Niko na mtu aliyekuwa naye. Atakwambia mwenyewe."

Burhani alirudi nyuma. "Hapana, shemeji. Mimi siwezi hilo."

"Akisikia kinywani mwangu hataamini. Miaka yote atadhani namficha kitu. Msaidie mwanamke mwenzangu, tafadhali."

Akaipokea simu kwa mikono miwili. Alimsimulia mama wa watu yote, hakumficha kugonga kule wala kunyamaza kule. Upande wa pili wote walisikia jogoo akiwika huko Rumonge. Halafu sauti ya mama ikauliza:

"Alikuwa peke yake?"

"Hapana, mama. Alikuwa na mzee mmoja wa Lesotho."

"Walikuwa wakisikilizana lugha?"

Burhani alifikiri. "Kidogo, mama. Maneno ya kazini."

"Si haba," mama akasema. "Mrudishie simu binti yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu ndoa yao mama yule kumwita Goreth binti yake. Waliongea kwa Kirundi, na hapo ndipo Goreth alipolia.

Walirudi kwa teksi ya abiria wengi kutoka Roodepoort, kanzu zikiwa zimegeuka njano kwa vumbi. Kwenye robot moja, yaani taa za barabarani, teksi iliposimama, abiria aliyeketi nyuma yao aliwagusa begani, akawaomba wamwombee mwanawe aliyefungwa jela. Thérèse alimwombea palepale, kwa Kiswahili, kwa sauti. Goreth aliitikia amina.

Matanga yalifanyika uani kwetu Jumamosi iliyofuata, siku moja na yale ya Rumonge. Padre alikuja, Warundi walikuja, Wakongo wa Rosettenville walikuja na masufuria. Burhani alikuwa ameahidi kuja kusema neno. Hakuonekana. Goreth alimpigia simu jioni, na mwenzake aliyeipokea akasema Burhani ameshuka tena, hajui atapanda lini. Goreth aliketi na ile simu mapajani, na aliyekuja kumpa mkono wa pole ilibidi amwite mara mbili.

Alivaa nyeusi, kisha muda ukafika akaivua. Hata hivyo kwenye ofisi ya serikali hakupata cheti cha kifo. Walimwambia pasipo mwili hapana cheti, na mtu aliyeingia shimoni kinyume cha sheria hana shahidi anayekubalika. Mpaka leo karatasi zake zinasema ana mume, na kila anapokwenda kuziongezea muda humuuliza mume yuko wapi, na kwa nini hakuja naye.

Belyse hakumtaja baba yake kwa miezi. Mwaka 2019, shuleni wakiwa wamemzika mwalimu wao mmoja, alirudi akamuuliza mama yake, kwa Kiswahili cha kukwamakwama: "Maua ya baba sisi tunaweka wapi?"

Jumapili hiyo wakapanda teksi mpaka Roodepoort, wakatembea kipande cha mwisho kwa miguu. Vibanda vilikuwa vimebomolewa. Mahali pote palikuwa pamezungushiwa uzio mpya wa waya, na lile bamba la zege lilionekana kwa mbali tu, ndani. Belyse alipenyeza maua kwenye tundu la waya, moja moja, ili yasivunjike. Kabla hajamaliza alitokea mlinzi aliyevaa koti zito, akawaambia hapo haparuhusiwi kusimama.

"Tunamaliza, baba," Goreth alimwambia.

Mlinzi aliyatazama maua, akamtazama mtoto. "Malizeni," alisema, akageuka kutazama upande mwingine. Upepo ulikuwa umeanza kuyasukuma yale ya kwanza. Walipomaliza, Goreth alimfunga binti yake kitambaa puani kwa ajili ya vumbi, wakaondoka.