Mtani wangu ananiheshimu, na kosa ni langu

Admin, ficha jina langu, ingawa sura yangu umeshaianika.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja, mkulima wa korosho huku Mnyambe, Newala. Matusi ya mtandaoni hayaniingii hata chembe. Shule niliishia darasa la nne, sasa mtu ataniudhi vipi kwa maandishi?

Uongo. Nimeyasoma yote, moja moja, kidole kwenye kioo, mpaka uji ukapoa. Yameniunguza kama mtu aliyeng'ata korosho mbichi na ganda lake.

Kisa ni hiki. Rafiki yangu, nimwite Baba Zainabu, alifiwa na mkewe. Ukoo wake na wangu ni watani tangu enzi za mababu, na huku kwetu kazi ya mtani msibani ni kuwachekesha wafiwa. Basi nikajifunga kanga ya marehemu, nikajilaza mkekani katikati ya waombolezaji, nikaigiza sauti yake: "Nani kasonga ugali huu? Nimekufa jana tu, mmeshasahau!" Baba Zainabu, aliyekuwa hajafungua mdomo tangu msiba uingie, akacheka huku machozi yanamtoka. "Mshenzi wewe," akasema, "ukifa wewe nitakuzika na viatu vya kuazima!"

Mtu akarekodi video, akaiweka kwenye grupu letu la wasapu. Tuko watu ishirini na watatu, humo tunaulizana nani ana mashine ya kupulizia mikorosho salfa, nani anaumwa, mbuzi wa nani kaingia shambani. Wote walimjua marehemu. Mmoja akaandika, "Mama Zainabu karudi kukagua sufuria." Tukacheka, tukamwombea.

Ningeishia hapo ningekuwa mzee mwenye akili. Lakini nilitaka sifa. Nikaituma kwenye ukurasa wako, Admin, wenye wafuasi maelfu. Nawe ukaandika kwa herufi kubwa: MZEE MLEVI AMDHALILISHA MAREHEMU. Mlevi! Siku ile nilikunywa chai ya rangi. Wakaja watu wako. Mchawi. Mshamba. Achapwe. Mmoja akasema huyo marehemu lazima alikuwa mkorofi. Hajawahi kuonja hata mboga yake! Zainabu yuko kazini Masasi, wenzake wakamwonyesha huku wanacheka, hawajui kuwa ni mama yake.

Baba Zainabu akaja kwangu. Hakukaa.

"Mke wangu nilimzika mara moja," akasema. "Wewe umemfukua."

Nikajaribu: "Basi tumzike tena, mtani, nile kuku mwingine wa msiba."

Hakucheka. Siku hiyohiyo akatoka kwenye grupu. Wewe Admin uliifuta ile video nilipokubembeleza, ila imeshazagaa kwenye kurasa nyingine. Nilimwomba radhi, akapokea kwa adabu, ndiyo mbaya zaidi. Tukikutana njiani ananiambia, "Habari za asubuhi, mzee." Mzee! Kama anamsalimia bwana afya. Tangu utoto wetu hajawahi kuniita kwa heshima.

Ninyi maelfu mliojua kutukana, leo toeni na shauri: nimrudishe vipi mtani wangu? Na kama yupo mtu wa Mnyambe humu, amfikishie neno. Mimi nilimtania kwenye msiba wake, kwa hiyo zamu ni yake, na mila anaijua. Tusi moja namdai. Aje anitukane, hata kwa kifupi.