Wezi walipitia dirisha la chumba cha mama mkwe (La Rochelle, Joburg)

Wakuu, habari zenu. Wa Bongo, wa Kongo, wa Nairobi, na nyie wenzangu wa Sauzi mnaolala na majaketi baridi hii, nawasalimu wote.

Mimi humu huwa msomaji tu. Nasoma nyuzi za watu, nacheka, naondoka. Leo nimeona niandike ya kwangu. Sijatia chumvi hata kidogo, na anayebisha aje nimwoneshe dirisha lenyewe.

Nijieleze kidogo. Mimi ni mtu wa Kigoma, nafunga viyoyozi, kazi zangu nyingi ziko maofisini kule Midrand. Mke wangu Furaha ni Mkongomani wa Uvira, ng'ambo ya ziwa kutoka kwetu, anasuka nywele mjini. Tumepanga nyumba ya uani hapa La Rochelle, nyuma ya mzee mmoja wa Kireno. Vyumba viwili, sebule na jiko basi.

Mwishoni mwa mwaka jana, 2017, Furaha akashika mimba. Wakuu, huyu mtoto tulimsubiri mpaka watu kanisani waliacha kutuuliza. Kwa hiyo mama yake akafunga safari kutoka Uvira kuja kumwangalia binti yake mpaka ajifungue. Tukampa chumba cha pili.

Sasa hapa ndipo pa kunielewa.

Kwetu na kwao desturi ni moja. Mama mkwe humshiki mkono, hukai naye kochi moja, na chumba anacholala hukanyagi. Kitanda chake hutakiwi hata kujua kimetandikwa shuka la rangi gani. Wazee wa "dunia imebadilika" najua mko humu, semeni tu, mimi ndivyo nilivyolelewa.

Hata kuongea tulikuwa tunaongea kwa kupitia Furaha. Nasema, "Furaha, mwambie mama chai iko tayari." Mama yupo palepale, anasikia kila kitu. Naye anajibu, "Furaha, mwambie mukwe aksanti." Furaha katikati anageuza shingo huku na huku, tumbo hilo mbele, anacheka mwenyewe.

Nilimpenda sana yule mama. Nikichelewa kurudi nakuta ugali wangu umefunikwa na samaki wa mawese pembeni, na hajasema kitu. Asubuhi nakuta viatu vyangu vya kazi vimefutwa vumbi. Lakini uso kwa uso tulikuwa hatujawahi kuangaliana vizuri.

Baridi ilipoanza, mtaa wetu ukaanza kuibiwa. Leo nyumba hii, kesho ile. Nikasema hapana, nafunga grili madirisha yote. Fundi wa kuchomelea akanitengenezea, mimi drili ninayo, nikafunga sebuleni, jikoni, na chumbani kwetu.

Likabaki dirisha la mama.

Eish. Hilo dirisha halipimiki wala halifungiki bila kuingia ndani, usogeze kitanda, utoboe ukuta. Mimi kuingia, haiwezekani. Kumwingiza fundi wa barabarani chumbani kwa mama ndiyo matusi zaidi. Nikasema nitatafuta mzee wa rika lake pale kanisani anisaidie. Nikawa nasema hivyo kila Jumatatu.

Jumapili moja tukaenda ibada sote watatu. Kanisa letu liko mjini, ghorofa ya pili ya jengo moja la zamani, na mkijua ibada za Wakongomani mnajua hazina haraka. Tumerudi alasiri, geti limefungwa, mlango umefungwa, kila kitu kimya. Furaha akafungua, akasimama palepale mlangoni.

Ukutani zimebaki skrubu za TV.

Laptop yangu hakuna. Drili hakuna. Mashine ya Furaha ya kukaushia nywele hakuna. Hata nyama ya Jumapili iliyokuwa kwenye sufuria walikula, wakaacha mifupa kwenye sahani kama watu waliokaribishwa. Nilitukana matusi ambayo sikujua bado nayakumbuka, na nimetoka kanisani muda huohuo.

(Niwape moja la pembeni. TV ilikuwa mpya, na boksi lake nililiweka nje kando ya pipa siku ya gari la taka. Picha ya TV kubwa hiyo inaangalia barabara! Mkinunua kitu, boksi lichaneni vipande vidogo muweke ndani ya mfuko mweusi. Huo ni ushauri wa bure.)

Walipitia wapi? Mnajua tayari. Dirisha la mama, kioo chote chini.

Chumbani kwake walikuwa wamemwaga sanduku la vitu vya mtoto alilokuja nalo. Zile nguo ndogo, kofia za sufu alizofuma mwenyewe Uvira, vitenge vya kubebea, vyote sakafuni vimekanyagwa. Sanduku lenyewe walilichukua kubebea vitu vyetu. Hayo nilisimuliwa na Furaha, maana hata siku ile mimi niliishia koridoni.

Polisi walikuja, wakaandika, wakatupa namba ya kesi, wakaondoka. Mzee wa Kireno akatuletea supu na ubao wa kuziba dirisha, akasikitika kwa Kireno chake. Pale penye kioo kilichovunjika akaupigilia yeye ule ubao kwa nje.

Mama aliokota nguo za mtoto moja moja, akazifua zote kwa mikono jioni ile, maji ya baridi ya Joburg mnayajua. Furaha akamwambia, "Mama, zingine ziko safi." Akajibu kwamba mikono isiyojulikana imezigusa, mtoto hazivai hivyo. Zikaanikwa mpaka kwenye viti vya sebuleni.

Asubuhi natoka chumbani, nakuta shangazi kaja limesimama koridoni. Lile begi la plastiki la mirabamiraba. Limefungwa zipu.

"Furaha," mama akasema, "mwambie mukwe anitafutie njia. Minarudia kwetu."

Furaha akauliza kwa nini. Mama akasema, "Banyang'anyi balipita kwangu. Nyumba yenu yote ilikuwa imefungwa, ni kwangu tu kulikuwa wazi. Ni miye nimebaletea hii. Mbele sijafika mulikuwa salama."

Wakuu, kliniki walishatuambia mtoto ni wakati wowote. Furaha hana dada huku, hana shangazi, mimi kuhusu kuzaa najua kuendesha gari tu mpaka hospitali. Na mke wangu alishaniambia siku nyingi kwamba haogopi uchungu, anaogopa kuwa peke yake na wageni wakati wa uchungu. Akakaa chini jikoni, akalia. Sijawahi kumwona analia vile.

Nikajikaza. Nikasema, "Furaha, mwambie mama kwamba..."

Akanikata. "Sisemi kitu! Nimechoka. Mimi si redio yenu. Umwambie mwenyewe, na yeye akujibu mwenyewe. Mmoja aliona aibu kuingia, mwingine aliona aibu kuita, wezi wao hawakuona aibu!"

Halafu akafunga mlango wa jikoni kwa nguvu.

Nilimpigia bosi nikasema leo siji. Nikaazima drili kwa jirani, nikachukua futi kamba, nikaenda kusimama mbele ya mlango wa mama. Nawaambia ukweli, nimeshapanda paa la ghorofa kufunga mashine juu kule huku upepo ukitaka kuninyanyua, sikuogopa hivyo.

"Hodi, mama."

Nikagonga tena.

"Mama, ni mimi."

"Furaha iko wapi?"

"Yuko jikoni. Amegoma kutupelekea maneno."

Nikasikia kitu kama kikohozi. Baadaye nikagundua ni kicheko, alikuwa anakizuia. Kisha akasema, "Ngoja kwanza."

Nikasikia vitu vinasogezwa, kiti kinaburuzwa. Nikangoja. Mwisho akasema, "Ingia."

Niliingia naangalia dari. Mama alikuwa amefunga kamba kutoka kabati mpaka msumari wa ukutani, akaning'iniza vitenge vyake juu ya ile kamba, kitanda chote hakionekani. Kimebaki kijia chembamba cha kufika dirishani. Yeye mwenyewe amesimama pembeni, kilemba kichwani, kanga mabegani, amevaa kama mtu anayekwenda ibada.

Nikaanza kupima. Sasa futi kamba inateleza, dirisha ni pana, mkono mmoja hautoshi. Nikahangaika nayo. Mara nikaona mkono wa mama umeshika ncha ya upande wa pili, ameibana kwa kidole gumba. Tukapima urefu, tukapima upana, hakuna aliyemwangalia mwenzake.

Nikasema, "Mama, hili dirisha lilikuwa kazi yangu. Wewe ni mgeni wetu, hujaleta shida yoyote."

Akasema, "Nilikusikia unatoboa kule kwenye zingine. Nikasema, na huku je? Lakini miye nitaita mukwe ku chumba? Watu bangenicheka mpaka Uvira."

"Na mimi niliogopa kukuvunjia heshima."

"Eee! Heshima yetu imetukulia TV," akasema.

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Naye akacheka, na kile cheo chote cha ukwe kikapungua humo ndani. Nikaona hapo ndipo pa kusema, nisipoyasema sasa sitayasema tena.

"Mama, usiende. Furaha anakuhitaji. Na mimi nakuhitaji, sijui kitu chochote kuhusu mtoto, naogopa."

Aliniangalia. Mara ya kwanza tangu aje, alinitazama machoni. "Funga dirisha kwanza," akasema. "Halafu tutaona."

Fundi alichomelea siku hiyohiyo, nilimsimamia mpaka akanichukia. Nikaja kufunga, mama kashika grili kwa chini, mimi natoboa. Nilipomaliza aliing'ang'ania kwa mikono miwili, akaivuta kwa uzito wake wote, akaisukuma, akaivuta tena. Haikutikisika. Akatoka nje, akapiga simu Uvira kwa dada yake. Nikamsikia: "Hapana, siji. Niko na mutoto wangu huku, amenifungia dirisha."

Nilienda kusimama nyuma ya nyumba mpaka macho yakakauka.

Wakuu, vitu havijapatikana na sitegemei. Siku hizi kila kitu chenye namba ya kiwandani (serial) naipiga picha naihifadhi kwenye simu, Jumapili tunapeana zamu na jirani ya kuangaliana nyumba, na tukitoka redio inabaki inaongea. Lakini somo langu kubwa si hilo. Zunguka nyumba yako yote, hasa sehemu ile unayoona aibu kuingia au kuongelea, maana mwizi anaijua. Heshima kwa wakubwa ibaki, ila itafutieni njia ya kuongea.

Mlioishi na wakwe ndani ya nyumba moja, hasa ugenini, nyie mlifanyaje? Na wenye ujanja mwingine wa kulinda nyumba shusheni hapa, nitasoma wote. Wa kunicheka pia karibuni.

Mtoto ni wa kike, alizaliwa salama, mama alimshika Furaha mkono mwanzo mpaka mwisho. Naishia hapa maana mama ananiita mwenyewe toka chumbani kwake, anasema nije nimbebe huyu mtoto yeye apumzike mgongo.